Mtaro wa masika: kazi iliposimamishwa, ikahamia alfajiri

Kisa hiki kilitokea kwenye saiti moja ya nyumba za kupangisha kusini mwa jiji la Arusha, mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Kijana mmoja mchimbaji alifukiwa na udongo hadi kifuani ndani ya mtaro wa majitaka. Alitolewa akiwa hai, nyonga imevunjika. Nimekichagua kwa sababu afisa usalama wa saiti ile alikuwa amefanya karibu kila kitu anachofundishwa afisa usalama: alikagua, aliandika, alionya, na siku mbili kabla ya ajali alisimamisha kazi. Amri ile ya kusimamisha kazi, iliyokuwa sahihi kabisa, ndiyo iliyofanya kijana yule awe mtaroni kabla jua halijachomoza.

Mkandarasi aliniita nifanye uchunguzi wa pili, baada ya ripoti ya kwanza kumkera mmoja wa wakurugenzi wake. Majina ya watu na ya kampuni nayaacha. Ninaandika hasa kwa vijana wanaoingia kwenye kazi hii ya usalama na afya kwenye ujenzi. Arusha sasa hivi kazi zipo: hoteli, barabara, maghala. Kila saiti kubwa inatafuta mtu wa kuvaa reflekta na kuitwa "sefti". Ni vizuri ajue mapema kazi yenyewe iko wapi.

Mtaro wenyewe

Bomba la majitaka halisukumwi na pampu. Maji yanateremka yenyewe, kwa hiyo kadiri bomba linavyokwenda ndivyo mtaro unavyozidi kina. Huu ulikuwa na urefu wa mita 160, kwenye ardhi iliyo karibu tambarare, na mteremko wa takribani sentimita 1 kwa kila mita. Ulianza na kina cha mita 1.1 nyuma ya nyumba ya kwanza na ulitakiwa kufika mita 2.7 kwenye chemba ya mwisho. Upana wake ulikuwa sentimita 70, unamtosha mtu mmoja na sululu yake. Ulichimbwa kwa mikono kwa sababu ulipita katikati ya nyumba ambazo kuta zake zilishasimama, na kijiko, yaani mtambo wa kuchimba, kisingeweza kuingia.

Kazi ilitolewa kwa lebachaji, yaani malipo ya nguvu kazi tu, kwa kiongozi wa genge mmoja, bei kwa mita ya urefu. Bei ilikuwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Yeye naye aligawa ngwe: kila mchimbaji mita mbili zake, akimaliza alipwe jioni. Naomba msomaji akae na jambo hili kidogo. Mita moja ya mtaro kule juu haifiki mita moja ya ujazo ya udongo. Mita moja ya mtaro kule chini ni zaidi ya mara mbili ya udongo ule, na lazima urushwe juu kupita kichwa cha anayechimba. Malipo ni yale yale. Kwa hiyo aliyepangiwa upande wa chini alikuwa anakimbizana na jua tangu asubuhi, na chochote kilichomchelewesha, iwe ngazi, mbao au kusogeza udongo mbali na ukingo, kilitoka mfukoni mwake.

Udongo uliotolewa ulirundikwa ukingoni kabisa. Inashauriwa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, na mbali zaidi ikiwezekana, kwa sababu rundo lile ni mzigo unaosukuma ukuta wa mtaro kuelekea ndani. Hapa halikuwepo hata pengo la kuweka mguu. Hakuna mchimbaji wa ngwe atakayerusha udongo hatua moja zaidi kama hakuna anayemlipa hatua hiyo.

Mzee na binti

Foremani wa saiti ile ni mzee wa makamo, mwenye uzoefu na mkono mzuri wa kazi. Afisa usalama ni binti aliyesoma ufundi sanifu wa ujenzi, kisha akachukua mafunzo ya usalama na afya yanayotolewa na OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Nilizungumza na wote wawili, kila mmoja peke yake, na maelezo yao yalifanana karibu neno kwa neno, jambo ambalo ni nadra katika uchunguzi na linawapa heshima wote.

Mtaro ulipofika mita mbili, binti alimfuata.

"Shikamoo mzee. Upande wa chini umeshanizidi kimo. Naomba tuweke mbao na mirunda kabla hawajaendelea."

"Marahaba binti yangu. Mbao za nini? Udongo wa hapa unasimama wenyewe. Nimechimba Arusha hii hujazaliwa."

Mzee hakuwa anasema uongo. Udongo mwingi wa mji huu ni majivu ya volkano ya Mlima Meru, na ukiwa na unyevu kidogo tu husimama wima kama ukuta uliopigwa lipu. Watoto wanaojenga nyumba za mchanga wanajua siri yake: mchanga wenye unyevu hushikana, mchanga uliolowa hutitirika. Maji machache yaliyonaswa katikati ya chembe huzivuta zishikane. Mvua ikizama hadi nafasi zote zikajaa maji, mvuto ule hutoweka, na papo hapo udongo unakuwa mzito zaidi. Mita moja ya ujazo ya udongo wa kawaida ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na ikilowa hukaribia tani mbili. Uzoefu wa mzee ulikuwa wa kweli, ila sehemu kubwa yake ilitoka kwenye mitaro ya kiangazi na ya kina kifupi. Ukuta uliosimama wiki mbili mfululizo unaweza kushuka kwa sekunde mbili bila ufa wa kukuonya.

Binti alijua hili na alijaribu kulieleza. Jibu alilopata kwa meneja wa saiti lilikuwa fupi: mbao za mtaro hazimo kwenye BOQ. Kwa wasiozoea saiti, BOQ ni ile orodha ya kazi, vipimo na bei ambayo mkandarasi aliijaza alipoomba zabuni. Kisichokuwemo humo hakina wa kukilipia. Orodha ile ilikuwa na mstari wa "kuchimba mtaro wa bomba, kina kisichozidi mita 3", na basi. Hakuna neno juu ya kuzuia kingo. Hata mstari mmoja wa jumla ulioandikwa "usalama na afya" ulikuwa na kiasi kinachotosha kofia ngumu, buti na mabango ya getini.

Jumanne hadi Alhamisi

Mvua ilinyesha usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Asubuhi binti alibonyeza ukuta wa mtaro kwa kidole gumba, kikazama bila nguvu. Akafunga utepe mwekundu upande wote wa chini, akaandika kwenye daftari la saiti kwamba kazi imesimama hadi kingo zizuiwe, akampigia meneja, na meneja akakubali. Wachimbaji wakarudi nyumbani. Hawakulipwa kitu.

Jumatano mvua ilinyesha tena. Wakaja, wakakaa kwenye matofali hadi saa nne, wakaondoka. Hawakulipwa kitu. Mbao hazikuletwa, kwa sababu kila mtu alikuwa anasubiri mwingine aamue zitalipiwa kutoka fungu gani. Jioni hiyo foremani alimwambia kiongozi wa genge maneno ambayo yeye mwenyewe alinirudia bila kuyapunguza: "Mkiweza kuwahi, wahini."

Afisa usalama huingia kazini saa moja na nusu. Alhamisi wachimbaji wanne waliingia getini saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakavuka utepe, wakashuka wakimulika kwa tochi za simu. Mpango wao ulikuwa wamalize ngwe zao kabla "dada sefti" hajafika. Saa kumi na mbili na dakika kumi ukuta wa upande wenye rundo ulishuka.

Nimeshasikia watu wakisimulia kisa hiki na kumalizia kwamba "vibarua wabishi". Siku mbili bila mlo hazimfanyi mtu mbishi. Mmoja wa wale wanne aliniambia alikuwa na mtoto aliyerudishwa kutoka shule kwa mchango. Amri ya kusimamisha kazi iliwatoza wao peke yao gharama ya kosa ambalo si lao, na wakafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye njaa angefanya: wakatafuta saa ambayo amri haipo.

Dakika arobaini

Mlinzi alimpigia binti, akafika kwa bodaboda ndani ya robo saa. Opereta wa kijiko, ambaye hulala saitini, alikuwa ameshawasha mtambo na foremani anamwelekeza asogee. Binti alisimama mbele ya mtambo na kuinua mikono yote miwili. Hili ndilo tendo lililomwokoa kijana, na linastahili kuelezwa taratibu kwa sababu kila mtu aliyekuwa pale alidhani anamchelewesha mgonjwa.

Kijiko hakioni mtu kilipo. Meno yake yanaweza kukata kiungo, na uzito na mtetemo wake ukingoni unaweza kushusha ukuta wa pili juu ya mgonjwa na waokoaji. Kumvuta kwa kamba nako hakufai: udongo ulioshika miguu una nguvu kuliko mgongo wa mtu. Na aliyefukiwa hadi kifuani ana tatizo lingine lisiloonekana. Kila anapotoa pumzi kifua kinapungua, udongo unajaza nafasi ile, na pumzi inayofuata inakuwa ndogo zaidi. Kwa hiyo kinachotangulia ni kifua, kwa mikono na makarai, watu wachache tu, baada ya kuta kuzuiwa.

Zuio lilipatikana kwa dakika chache. Hatua chache kutoka mtaroni kulikuwa na slabu iliyokomaa, na chini yake mbao na mirunda imelala inasubiri kupangwa kwa kazi nyingine. Mbao ambazo hazikuwemo kwenye BOQ zilikuwepo saitini muda wote. Zilisimamishwa pande mbili na kubanwa kwa vipande vya mirunda katikati, na watu wawili wakashuka na makarai. Binti alimfanya kijana aendelee kuongea. Alipotolewa, aliandika kwa kalamu ya wino mzito mkononi mwake saa aliyofukiwa na saa aliyotoka. Wauguzi waliuliza kwanza hilo, kwa sababu misuli iliyobanwa muda mrefu ikiachiliwa hupeleka sumu kwenye damu, na figo na moyo vinaweza kudhurika hata kwa mtu anayeonekana ametulia.

Ripoti ya kwanza

Ripoti ya kampuni ilikuwa na kurasa mbili. Sababu ya ajali: "mfanyakazi aliingia eneo lililozuiliwa bila ruhusa na bila kofia." Mapendekezo: elimu kwa wafanyakazi, na kuongeza mabango.

Kofia haizuii tani mbili za udongo. Mabango yalikuwepo. Elimu ilitolewa kila asubuhi, na mahudhurio yana saini. Ukiondoa hayo matatu, ripoti inabaki tupu.

Nilipokaa na karatasi za mradi niliona ajali ile iliamuliwa miezi mingi kabla ya mvua. Mwandaaji wa BOQ aliandika kuchimba bila kuandika kuzuia. Mkandarasi, akijua washindani wake hawataweka gharama ya mbao, naye hakuiweka. Akatoa kazi kwa bei moja kwa mita, akamwachia kiongozi wa genge hasara ya kina. Na binti aliajiriwa akiripoti kwa meneja wa saiti, mtu ambaye hupimwa kwa mita zilizokamilika kila Ijumaa. Aliwekwa chini ya mtu ambaye amri zake zingemgharimu. Kila mmoja katika mlolongo huu alifanya hesabu yenye mantiki kwake, na jumla ya hesabu hizo ikawa kijana wa mwisho chini ya shimo.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwika mwajiri jukumu la kutambua hatari na kuzidhibiti, na ujenzi una kanuni zake za 2015. Ila mkaguzi wa OSHA hawezi kuwa kwenye kila mtaro kila alfajiri. Ghorofa la Kariakoo lilipoanguka tarehe 16 Novemba 2024 nchi nzima ilisimama kutazama. Mtaro unamchukua mtu mmoja, nyuma ya nyumba ambazo hazijaisha, na kufikia mchana umeshafukiwa.

Asilimia 70 ya nini?

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi 2015. Aliyeumia kazini hulipiwa matibabu, na akishindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 tangu apate habari ya ajali. Kwa mfanyakazi wa kudumu njia ni nyoofu: yuko kwenye orodha ya mishahara, mchango wake unaonekana.

Kijana wetu hakuwemo kwenye orodha yoyote. Alilipwa jioni, mkononi, na kiongozi wa genge, ambaye naye alilipwa na kampuni. Alikuwa mwajiriwa wa nani? Na asilimia 70 ya nini, wakati leo amechimba mita mbili, kesho amekaa kwenye matofali?

Kilichosaidia ni daftari la binti. Kila asubuhi, kabla ya maelezo ya dakika kumi, aliandika jina la kila aliyeingia, kazi anayokwenda kufanya na nani kamleta, na kila mmoja akatia saini au dole gumba. Wenzake walimcheka kwa kupoteza karatasi. Daftari lile, pamoja na kijitabu cha malipo cha kiongozi wa genge kilicholoa mvua, ndivyo vilivyoonyesha kwamba kijana alikuwa akifanya kazi ya mkandarasi, kwa siku zipi na kwa wastani gani wa pato. Mkurugenzi alipoyaona hayo aliacha kubishana, na taarifa ikapelekwa ndani ya muda. Kwa anayeanza kazi hii: daftari la mahudhurio linaweza kuwa karatasi pekee yenye jina la kibarua katika mradi mzima. Liandike kwa mwandiko unaosomeka.

Walichobadilisha

Nilipendekeza mambo machache na mkandarasi akayakubali, mengine kwa shingo upande. Bei ya kuchimba sasa inapanda kwa kina, na kuweka na kutoa mbao ni kazi yenye malipo yake, inayofanywa na watu wawili ambao hawana ngwe. Kila mtaro unaozidi kina cha mita 1.2 unakaguliwa na kusainiwa kila asubuhi na baada ya kila mvua, na ngazi inawekwa. Afisa usalama anaripoti kwa mkurugenzi.

Lililobishaniwa zaidi ni hili: kazi ikisimamishwa kwa usalama, kila aliyekuja analipwa posho ya siku, hata kama hakugusa sululu. Meneja alisema watu watazoea kukaa bure. Ikatokea kinyume. Wiki chache baadaye mchimbaji mmoja alimfuata binti mwenyewe, akamwambia upande fulani wa mtaro unatoa maji kwa ndani, aje auangalie. Kabla ya hapo kusema neno kama hilo kulikuwa sawa na kujinyima mlo. Na gharama ya posho kwa masika yote ilikuwa ndogo kuliko bili ya hospitali ambayo kampuni ililipa kwa siku za mwanzo.

Nilimwuliza binti kama alifikiria kuacha kazi. Alisema alifikiria, na kilichomfanya abaki ni mzee foremani, aliyemfuata jioni ya ajali akamwomba amwonyeshe ile namna ya kubonyeza udongo kwa kidole gumba. Sasa wanakagua mitaro pamoja.

Yeye mwenyewe ameongeza masomo. Anajiandaa na cheti cha kimataifa cha NEBOSH, bodi ya Uingereza ya mitihani ya usalama na afya kazini, na nimemshauri ajifunze na jambo ambalo mafunzo mengi ya usalama hayalifundishi vya kutosha: kusoma BOQ na kukadiria bei. Afisa usalama anayeingia saitini siku ya kwanza ya kuchimba amekuta maamuzi makubwa yameshafanywa. Anayekaa kwenye meza ya zabuni anaweza kuuliza mbao ziko mstari gani.

Amekwisha kulijaribu hilo. Mkandarasi alipoomba kazi ya mfereji mrefu wa maji ya mvua Moshi, binti alikaa na mkadiriaji na wakaweka mstari wa kuzuia kingo, umepigiwa hesabu vizuri, mita kwa mita. Zabuni ikaenda kwa mwingine mwenye bei ya chini, ambaye kwenye mstari wa kuchimba hakuwa na mbao hata moja. Mkurugenzi alikasirika, na nilielewa kwa nini.

Tunachofanya sasa, yeye na mimi, ni kuzungumza na washauri wanaoandaa BOQ huku Arusha na Moshi, ili kuzuia kingo kuwe kiasi kilichotengwa na mwenye mradi mwenyewe, kile kile kwa waombaji wote, kinacholipwa kwa kipimo cha kazi iliyofanyika. Hapo hakuna anayeshinda zabuni kwa kuacha mbao. Washauri wawili wamekubali kuliingiza kwenye miradi yao inayofuata. Mmoja amekataa, akisema mteja ataona bei imepanda. Tumemwomba atupe nafasi tuongee na mteja huyo sisi wenyewe, na tunasubiri tarehe.